Kobe Wawili wa Bristol

Msomaji, huenda ulipokuwa mtoto uliunda gari la waya, magurudumu yake yakiwa vifuniko vya makopo, ukalisukuma njiani kwa fimbo ndefu yenye usukani. Gari lile lilikwenda ulikotaka wewe, na ulipolala, nalo lililala nyuma ya mlango mpaka asubuhi. Nataka kukusimulia habari za vigari viwili vilivyoundwa mjini Bristol, katika nchi ya Uingereza, kati ya mwaka 1948 na 1949. Navyo viliundwa kwa vikorokoro ambavyo watu wengine walikwisha kuvitupa. Walakini havikuwa na fimbo, wala usukani, wala mtu wa kuvisukuma. Vilikwenda vilikotaka vyenyewe; au, tukisema kwa uangalifu zaidi, vilikwenda kana kwamba vina matakwa. Wataalamu wamebishana juu ya maneno hayo mawili, “kana kwamba”, tangu siku hizo hata leo.

Yafaa kwanza ujue vikorokoro hivyo vilitoka wapi. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa nchi iliyoshinda lakini iliyochoka. Chakula kiligawanywa kwa kadi, na mgao huo haukukoma kabisa mpaka mwaka 1954. Vitu vipya madukani vilikuwa adimu. Kitu kimoja tu hakikuwa adimu hata kidogo, nacho ni masalio ya vita. Majeshi yalikuwa yameagiza redio, rada, mota ndogo, swichi na nyaya kwa maelfu, na sasa hapakuwa na adui wa kupigana naye. Vyombo vile vikamwagwa sokoni kwa bei ya kutupa. Mjini London palikuwa na mtaa mmoja, Lisle Street, ambao maduka yake yalisifika kwa biashara hiyo, na wapenzi wa redio walikwenda huko kuchakura kama kuku jaani.

Waliochakura hawakuwa vijana wenye mchezo peke yao. Katika mji wa Gloucester, usio mbali na Bristol, alikuwako daktari wa maradhi ya akili aitwaye W. Ross Ashby. Mwaka 1948 daktari huyo aliunganisha pamoja vifaa vinne vya kudhibiti mabomu vilivyokuwa mali ya jeshi la anga, akafanya mashine aliyoiita Homeostat. Ulipoisumbua sehemu yake moja, zote nne ziliyumba, kisha mashine ikajitafutia yenyewe njia ya kutulia. Chombo cha kuangushia mabomu kikageuka kuwa chombo cha kufundishia jinsi kiumbe anavyojiweka sawa anapotikiswa! Lakini mashine ya Ashby ilikaa mezani pake daima. Mwenzake wa Bristol aliifananisha kwa mzaha na paka alalaye karibu na moto, ambaye haamki mpaka asumbuliwe, na akisha kupata mkao mzuri hulala tena.

Mwenzake huyo ndiye mtu wetu. Jina lake William Grey Walter. Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Kansas City, Marekani, akalelewa Uingereza na kusoma katika chuo kikuu cha Cambridge. Kazi yake haikuwa kuunda mashine, bali kusikiliza ubongo. Mwaka 1929 daktari Mjerumani, Hans Berger, alikuwa ametangaza kwamba ukibandika vipande vya chuma juu ya kichwa cha mtu, waweza kupima umeme hafifu unaopanda na kushuka kama mawimbi. Watu wengi hawakumsadiki. Walter alikuwa miongoni mwa waliomsadiki, na mwaka 1936 alionyesha kuwa mawimbi fulani ya polepole huweza kufichua mahali ulipo uvimbe ndani ya ubongo, kabla daktari hajapasua fuvu. Tangu mwaka 1939 alifanya kazi Bristol, katika Taasisi ya Burden ya uchunguzi wa ubongo na neva.

Basi mtu aliyeketi miaka mingi akitazama mawimbi hayo hakosi kujiuliza swali. Ubongo wa mwanadamu una chembe za neva zipatazo bilioni 86. Kama wingi huo ndio unaoleta akili, hapana fundi atakayeweza kamwe kuunda hata mfano wake. Walter aliligeuza swali juu chini. Hakuuliza ni chembe ngapi zinazohitajika ili kupata akili yote, aliuliza ni chembe chache kiasi gani zinazotosha kumfanya mtazamaji aseme, “Kitu hiki ki hai.” Alidhani kwamba siri haimo katika wingi wa chembe, bali katika jinsi zinavyounganishwa. Na kwa kuwa dhana pasipo jaribio ni maneno matupu, akaamua kuunda mnyama mwenye chembe mbili tu.

Kazi ilianza wakati wa Pasaka mwaka 1948. Kila chembe ya ubongo iliwakilishwa na vali moja ya redio, yaani kile kichupa cha kioo kilichotumika kukuza umeme kabla ya transista kuenea, pamoja na swichi yake ya sumaku. Mnyama alipewa magurudumu matatu, mawili nyuma na moja mbele. Gurudumu la mbele lilikuwa na mota mbili, moja ya kuliendesha na nyingine ya kuligeuza. Juu ya mhimili wake lilikaa jicho la umeme, ambalo hupitisha umeme mwingi au kidogo kwa kadiri mwanga unavyoliangukia. Jicho na gurudumu viligeuka pamoja, hata mnyama hakuweza kutazama mahali asipoelekea kwenda. Gamba liliwekwa juu ya umbo lote kwa namna ambayo likigusa kitu husogea na kufunga swichi. Hiyo ndiyo ilikuwa ngozi yake. Nguvu zilitoka katika betri ndogo ya volti 6, na betri nyingine ya aina iliyotumika katika vyombo vya kuwasaidia viziwi. Magurudumu ya meno yaliyotakiwa kupunguza mbio za mota yalitolewa katika saa mbovu na mita kuukuu za gesi. Kwa sababu ya gamba lile na mwendo wake wa taratibu, watu walimwita kobe. Wa kwanza alipewa jina la Elmer, na wa pili Elsie. Walter, kwa utani wa wataalamu, aliwapa pia jina la Kilatini, Machina speculatrix, yaani mashine ipelelezayo.

Sasa tumweke Elsie sakafuni katika chumba chenye giza. Haoni mwanga, kwa hiyo mota ya kugeuza inazungusha jicho pasipo kukoma, na mota ya kuendesha inakwenda nusu mwendo. Matokeo yake ni kwamba anatambaa kwa vipindo vipindo, akipekua chumba kama mtu aliyepoteza ufunguo. Washa mshumaa mbali naye. Mara jicho linapoukabili mwanga, mota ya kugeuza inasimama na ile ya kuendesha inashika mwendo kamili, naye anaukimbilia. Akiteleza kidogo nje ya mstari, jicho linaupoteza mwanga, anapekua tena, anaupata, anaendelea. Lakini mwanga ukizidi kuwa mkali, vali ya pili inaingia kazini, mota ya kugeuza inaanza tena polepole, naye anauacha pembeni. Kwa hiyo haungui kama nondo. Anauzunguka mwanga kwa umbali unaompendeza, au, nisije nikasahau onyo langu mwenyewe, kana kwamba unampendeza.

Mwekee kiti mbele yake. Gamba likigonga mguu wa kiti, swichi inafungwa, na umeme unaotoka katika vali unarudishwa pale ulipoingilia. Kwa muda huo kobe anakuwa kipofu. Hajali mwanga wowote. Anasukuma, anageuka, anasukuma, anageuka, mpaka aachane na kile kiti. Na hata akisha kuachana nacho, upofu unadumu kitambo kidogo zaidi, ndipo aangalie mwanga tena. Kitambo hicho ndicho humpa nafasi ya kukiacha kizuizi nyuma. Kama si hicho, angeurudia mguu ule ule wa kiti usiku kucha.

Ajabu kubwa zaidi ilikuwa njaa. Walter alimjengea kobe kibanda chenye taa kali ndani, na humo mlikuwa na nyaya za kujazia betri. Kobe aliyeshiba hakuingia, kwa maana taa ilikuwa kali mno kwake. Lakini betri ilipopungua nguvu, vali nazo zilififia, na mwanga ule ule uliokuwa mkali ukawa wa wastani. Kobe akaufuata mpaka ndani, akagusa nyaya, akanyamaza hapo mpaka aliposhiba, kisha akatoka kwenda kutembea. Tafadhali rudia kusoma maneno hayo, msomaji, kwa maana hapa ndipo wengi wanapopitiwa. Ndani ya kobe hapakuwa na waya wa njaa. Hapakuwa na sehemu iliyosema, “Betri ikipungua, rudi nyumbani.” Kudhoofika kwa betri, jambo ambalo fundi mwingine angelihesabu kuwa ila, ndiko kulikomrudisha.

Iko na habari ya kioo. Walter alikuwa amemtia kobe taa ndogo kichwani, kwa kusudi la kujua tu kama mota ya kugeuza inafanya kazi. Mota ilipozunguka, taa iliwaka. Jicho lilipopata mwanga wa kutosha, mota ilisimama na taa ikazimika. Siku kobe alipopita mbele ya kioo, jicho liliiona taa yake mwenyewe. Mota ikasimama, taa ikazimika. Taa ilipozimika hapakuwa tena na kitu cha kuona, mota ikaanza, taa ikawaka, ikaonekana tena. Kobe akabaki mbele ya kioo akitetema na kumetameta, kama anayecheza ngoma na nafsi yake. Kobe wawili walipokutana, kila mmoja alivutwa na taa ya mwenzake, na kwa kuwa kila mmoja aliizima yake mara aionapo ya mwenzake, wakaingia katika mchezo ambao hapana aliyeupanga.

Walter aliandika kwamba kama mnyama halisi angefanya hivyo mbele ya kioo, watu wangelichukua kuwa dalili ya kujitambua. Mimi kwa upande wangu nadhani hapo alivuka mpaka. Kisa cha kioo chaonyesha zaidi udhaifu wetu sisi watazamaji, tulivyo wepesi wa kuona nafsi mahali palipo na taa na swichi. Lakini sina budi kukiri kwamba kosa hilo, kama ni kosa, lilikuwa na manufaa. Baada ya kobe hawa, mtu aliyetaka kusema “mnyama huyu anajua” alitakiwa kueleza kwanza anajua kwa namna gani ambayo haiwezi kuelezwa kwa vali mbili.

Mwezi Mei mwaka 1950 Walter alieleza habari zao katika jarida la Scientific American, na mwaka 1953 katika kitabu chake The Living Brain. Kobe walipigwa picha za sinema, na magazeti yakashangilia. Katika kushangilia huko mambo mawili yalipita pasipo kutajwa vya kutosha.

La kwanza ni kwamba hakuwa peke yake. Vivian Dovey, mkewe, aliyekuwa akifanya kazi naye katika taasisi ile, alishirikiana naye katika kuwaunda. Tena kobe wale wa kwanza walikuwa wasumbufu, wakitaka kutengenezwa kila mara. Fundi wa taasisi, W. J. Warren, ndiye aliyeunda kobe wengine sita mwaka 1951, imara na safi, na watatu kati yao wakaonyeshwa kwa umma katika yale maonyesho makubwa yaliyoitwa Festival of Britain. Jina la fundi mara nyingi hubaki katika karakana. Nami naona kuwa kazi ya kugeuza kitu kilichofaulu mara moja kiwe kitu kinachofaulu kila siku si ndogo kuliko kubuni.

La pili ni zito zaidi. Wakati wa vita Walter alizoea kuzungumza na kijana hodari wa Cambridge, Kenneth Craik, aliyekuwa akichunguza jinsi askari wanavyolenga shabaha. Walizungumza juu ya silaha zitakazojitafutia shabaha zenyewe, na juu ya namna jicho la mtambo linavyoweza kupekua pande zote kama rada. Craik alifariki mwezi Mei mwaka 1945, kwa ajali ya baiskeli, vita vya Ulaya vikiwa ndiyo vinakwisha, naye akiwa na miaka 31 tu. Mazungumzo yale yalibaki akilini mwa Walter. Basi kobe aufuataye mshumaa na kombora lifuatalo ndege ni ndugu wa karibu sana, na wote wawili walitoka katika lundo moja la vyuma. Sisemi hivi ili kumtia kobe doa. Nasema kwa sababu historia ya masalio isiyouliza yalisalia kutoka katika nini ni historia nusu.

Walter mwenyewe alipatwa na jambo la kusikitisha. Mwaka 1970 alipata ajali akiendesha skuta, akaumia vibaya ubongo, kiungo kile kile alichokichunguza maisha yake yote. Hakurudia hali yake ya kwanza, akafariki mwaka 1977. Lakini kitabu chake kilikuwa kimekwisha kusafiri. Katika mji wa Adelaide, Australia, kijana mmoja, Rodney Brooks, alikisoma akiwa bado mwanafunzi, akaunda kobe wake kwa transista, akamwita Norman. Kijana huyo alikuja kuwa profesa nchini Marekani, katika chuo cha MIT, akawafundisha wenzake kwamba roboti haihitaji kwanza ramani ya dunia yote kichwani ndipo ianze kutembea. Kampuni aliyoshiriki kuianzisha mwaka 1990 ilitoa mwaka 2002 mashine ya kufagia sakafu iitwayo Roomba, na aina zilizofuata hujirudia zenyewe kwenye kituo chao kujaza betri. Akiliona jambo hilo mtu aliyesoma habari za Elsie, hana budi kucheka kidogo.

Huenda sasa unajiuliza kama nawe waweza kuunda kitu cha namna hii. Waweza, ila usidanganyike kwamba vikorokoro vyatosha. Walter alikuwa na miaka zaidi ya kumi ya kupima umeme hafifu kabla hajakata saa ya kwanza. Wewe una faida moja aliyoikosa: transista, iliyobuniwa mwishoni mwa mwaka 1947, hupatikana leo katika kila redio mbovu. Mwaka 1984 mtaalamu wa ubongo aitwaye Valentino Braitenberg alieleza katika kitabu kigari chepesi hata kuliko kobe. Kina magurudumu mawili, kila moja na mota yake, na macho mawili mbele, moja kushoto na moja kulia. Jicho la kushoto huendesha mota ya kulia, na jicho la kulia huendesha mota ya kushoto. Mwanga ukiwa kushoto, gurudumu la kulia huzunguka kwa kasi, na kigari hugeukia mwangani. Ukizibadili nyaya hizo zisipishane, kigari hukimbilia gizani. Vifaa ni vile vile. Nyaya mbili tu zimehama.

Mota waweza kuzitoa katika magari mabovu ya watoto au katika vyombo vya kupigia kanda. Macho ya mwanga hupatikana katika baadhi ya taa zinazojiwasha zenyewe jioni. Betri mbili kavu zatosha, na mahali pa gurudumu la tatu tia shanga kubwa inayoteleza. Usifungue televisheni ya zamani, kwa maana ndani yake umeme wa kuua huweza kubaki hata ikiwa imechomolewa. Usitoboe wala kuchoma betri ya simu. Wala usiunge chochote na umeme wa nyumba.

Ukimaliza, kiweke sakafuni jioni na uwashe tochi. Yaelekea hakitaifuata tochi. Kitazunguka mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa kambani, kwa sababu mota mbili zilizotoka katika vyombo viwili mbalimbali hazina nguvu sawa. Usiivunje kazi yako. Tazama ni gurudumu lipi lipitalo mwenzake, uzibe jicho linaloliendesha kwa kipande cha karatasi, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara mpaka kigari kinyoke. Kikisha kunyoka, sogeza tochi upande wa pili wa chumba.